Kilo za Muoki

Jackton alinipangia vyuma vya mazoezi chini pale sokoni Gikomba kama mama anayeuza nyanya, fungu kwa fungu. "Chagua, mathe," akasema. "Ni vya kijana wako?"

"Ni vyangu. Una neno?"

Akainua mikono juu. Ilikuwa mara yangu ya tatu kwake tangu Februari, na mimi sichezewi. Miezi hiyo hata salamu ilinikasirisha.

Mume wangu Muoki alikuwa mchongaji wa vinyago, mtu wa mabega mapana, hadi Januari kiharusi kilipomnyang'anya upande mzima wa kulia. Wiki ya kwanza alipotoka hospitalini nilijaribu kumpeleka bafuni, tukaanguka wote wawili, akapasuka kwenye paji la uso. Kaka yake Muthama akaja kutoka Kitui, akaitazama ile plasta, akasema mbele ya mgonjwa mwenyewe: "Shemeji, nitarudi mwisho wa Mei. Nikikuta bado huwezi kumwinua peke yako, tutampeleka nyumbani." Nyumbani, aoshwe na wake za watu! Nilimwambia arudi hata kesho.

Ndipo nikaanza mazoezi sebuleni. Kwanza mitungi ya maji, kisha mikebe ya rangi ambayo Jackton alinijazia simiti, kisha dambeli za kilo kumi na mbili. Muoki alinitazama kutoka kitandani akinihesabia kwa mdomo wake uliopinda. Na nguvu zikaja, wacha mchezo. Machi nilimkalisha. Aprili nilimsimamisha. Wiki iliyopita nilimbeba mgongoni hadi dirishani, akauona mtaa wetu wote wa Huruma na nguo zake zilizoanikwa, tukacheka mpaka akakohoa.

"Sasa nataka kubwa," nikamwambia Jackton, na nikamweleza habari ya Muthama na mtihani wake.

Akakuna kichwa. "Basi usichague kwa macho, mathe. Mzee ana kilo ngapi? Chuma unachukua ukijua mzigo, ama utaumia mgongo bure."

"Sabini na nne. Kliniki waliandika."

"Lini?"

"Januari."

"Enda umpime tena."

Nilirudi mikono mitupu, nimenuna. Anab, jirani anayeuza mchele na sukari chini ya ploti yetu ya ghorofa, ndiye huingia mchana kumwangalia Muoki nikiwa ofisini. Akanipandishia mizani yake ya magunia. Muoki akakataa. Akasema amechoka, akasema kesho. Nikamwambia asinisumbue, nikamtia mgongoni, nikapanda mizani.

Anab akainama kusoma. "Mia moja na nane."

Mimi peke yangu ni hamsini na saba. Nilitoa hesabu mara mbili, nikiwa bado nimembeba. Ilibaki hamsini na moja.

Yale mashavu yake niliyaona, nikasema ni ugonjwa. Alitaka sweta mbili, nikasema ni baridi. Kumbe nilikuwa nashughulika kutazama mikono yangu ikijaa.

"Lakini Mama Nzilani," Anab akaniambia polepole, "si wewe unampikia chakula kingi? Kila siku ananipa chakula chake cha mchana niwapelekee watoto. Anasema umemruhusu."

Na jioni Muoki huniambia bado ameshiba cha mchana.

Nilimrudisha kitandani. Anab akatoka bila kuchukua mizani yake. Muoki aligeuza uso ukutani.

"Ulikuwa unashindwa kuniinua," akasema, maneno yakitoka moja moja. "Nikaona nikusaidie."

Nilimtukana. Nililia huku nikimtukana, nikamwita mjinga na muuaji, nikamuuliza alitaka nibebe nini, mifupa? Kisha nikapika uji mzito, nikamshikia kikombe. Alimeza mara mbili akafunga mdomo.

"Mwezi unaisha," akasema. "Muthama akikuta mimi mzito..."

Hapo nikajua kwamba nikiwa na huo mtihani mbele yangu, mtu huyu hatakula. Hata ningenunua vyuma vyote vya Gikomba.

Nikachukua simu. Alipoona jina nililolitafuta, alinyoosha mkono wake mzima wa kushoto kunipokonya. Nikasogea nyuma asinifikie.

"Shemeji," nikasema, "usingoje mwisho wa mwezi. Njoo kesho umchukue. Siwezi kumwinua."