Mafuta ya Shangazi

Shangazi alikuwa ameshapasha mafuta. Hilo ndilo lililomchoma mkandaji alipoingia chumbani kwa mama yake akitoka kazini: kibakuli mezani kinafuka mvuke, taulo limekunjwa vizuri, na shangazi mtu amepandisha mikono ya gauni hadi kwenye viwiko.

"Afadhali umefika. Haya, mkande mama yako, mguu umemnyima usingizi."

Mama alikuwa wa kitandani tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Mkandaji alifunua shuka. Kigimbi cha kushoto kilikuwa kimevimba, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na alipokisogezea kiganja alihisi joto. Cha kulia kilikuwa salama kabisa.

"Mguu huu haukandwi," alisema. "Twende hospitali sasa hivi."

"Haukandwi!" Shangazi aliangua kicheko cha kejeli. "Huko kazini unawakanda watu baki mpaka wanakoroma. Mama mzazi ndiyo unamwonea kinyaa?"

Loh! Hasira zilimpanda mkandaji mpaka utosini. Kazini hamgusi mtu kabla hajamuuliza: una homa? una mimba? umepasuliwa karibuni? umevimba popote? Nyumbani ndiko hakuna aliyetaka kuulizwa. Kwao kukandwa ndiko kupendwa, na ukikataa kumkanda mtu, umemkataa mwenyewe.

"Shangazi, nisikilize. Kukanda kunalegeza misuli, kunatembeza damu, mtu anapata usingizi. Sikatai, ndiyo kazi yangu. Lakini kama damu imeganda humu mshipani, nikiisukuma inaweza kung'oka ikakimbilia mapafuni. Unataka nimuue?"

"Maneno ya semina hayo," alisema shangazi, akachovya vidole kwenye mafuta. "Kaa pembeni."

Kaa pembeni! Kwa mama yake mwenyewe! Mkandaji alikinyakua kibakuli, akayamwaga mafuta yote dirishani, kisha akajikalisha kitandani kati ya shangazi na ule mguu.

"Ningekuwa mteja ungenikanda," mama alisema taratibu, akageuzia uso ukutani.

Maneno hayo yalimuuma kuliko kelele zote za shangazi. Alimpigia simu dereva wa teksi huku machozi yakimtoka, na hasira hazijapoa hata kidogo.

Hospitalini daktari aliupima mguu kwa mashine, akasema damu imeganda kweli kwenye mshipa mkubwa, akaagiza dawa ianze papo hapo. Aliuliza kama kuna mtu aliyeukanda.

"Hakuna," alijibu mkandaji, akavuta kiti akaketi.

Kesho yake ndugu walijaa wodini, na shangazi alikuwa ameshika usukani wa mazungumzo. "Mimi ndiye niliyesema asiguswe! Mguu wa namna ile si wa kuchezea. Hawa wakandaji wa siku hizi, ukiwaacha tu, wanakuulia mtu!"

Mkandaji alisimama. Alikuwa na ya kusema, na safari hii hakukusudia kubakiza hata moja. Lakini mama alimwahi.

"Wifi," alisema bila kupandisha sauti, "mafuta ulipasha wewe."

Ndugu wote walimgeukia shangazi, naye akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

Mama alimnyooshea binti yake mkono. "Na huu je," alimuuliza, "unakandwa?"

Mkandaji alikaa, akaanza kwa kumuuliza panauma wapi.