Mambo ya Kujua Ukifika Kigali

Deodata aliyakusanya mambo yale kwa miezi minne, akiwauliza madereva wa malori na wanawake wanaovuka daraja la mpakani la Rusumo kuuza ndizi, kisha akayaandika kwenye daftari. Magari kule hupita kulia, kwa hiyo kabla ya kuvuka barabara tazama kwanza kushoto. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Usipande pikipiki bila kofia. Usiingie na mfuko wa plastiki. Kila jioni alimsomea Priscila, rafiki yake tangu darasa la kwanza hapo kijijini Keza.

Walikuwa wanakwenda kujifunza ushonaji kwa Francisca, fundi aliyehamia Kigali kutoka Ngara. Aliahidi kuwapokea wote wawili, na baada ya miezi sita angemwajiri mmoja. Safari ilipangwa iwe Jumatatu.

Jumamosi asubuhi Deodata alikuwa anapiga pasi nguo za safari, mara Danstan wa bodaboda akasimama mlangoni.

"Kumbe upo? Mwenzako nimetoka kumshusha Rusumo. Nilidhani umetangulia."

Deodata alitafuta daftari mezani. Halikuwapo. Akapanda pikipiki vilevile alivyo, na kandambili miguuni.

Alimkuta Priscila amekalia begi lake karibu na foleni ya malori. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Upande wa pili watu wote walikuwa kwenye umuganda, kazi za pamoja za kufanya usafi, na mabasi yasingeondoka mpaka karibu mchana. Jambo hilo Deodata alikuwa ameliandika ukurasa wa mwisho. Priscila hakuwa amesoma mpaka huko.

"Priscila, ni nini hiki?"

"Ningekupigia nikifika."

"Uniambie nini?"

Priscila aligeukia malori. "Fundi atabakiza mmoja. Wewe kukata unajua, kola unajua. Mimi ningerudi kulima."

Deodata alimpigia Francisca palepale. Fundi alishangaa kusikia sauti yake.

"Si ulinitumia ujumbe wiki iliyopita kwamba unaolewa? Nafasi yako nimeshampa binti mwingine, mwanangu. Ameshaanza."

Deodata akakumbuka jioni ile Priscila alipoazima simu yake ampigie kaka yake aliyeko Biharamulo, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akakawia.

"Nipe daftari langu," alisema.

"Deo, kule sijui chochote. Nitalihitaji."

Angeweza kumpokonya, lakini hakunyoosha mkono. Abiria walianza kunyanyua mizigo. Priscila naye akanyanyuka, akaelekea darajani bila kuaga.

Jioni mama yake Priscila alifika kwa kina Deodata na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kushukuru. Priscila kaniambia umepata mchumba, ukamwachia safari. Si kila rafiki angefanya hivyo."

Deodata alijaribu kunyamaza, ikamshinda. "Sina mchumba, mama. Na sikumwachia. Ameniibia."

Mama yule alibaki amesimama na mkungu wake, asijue autue au aondoke nao. Deodata aliingia ndani, akafungua begi na kuanza kutoa nguo moja moja, huku akilia kwa sauti bila kujali nani anamsikia.