Mkubwa Hutangulia

Chuoni walimwita Bi Kalamu Nyekundu, na si kwa mapenzi. Alifundisha hesabu za dawa katika chuo cha wauguzi, na kwa miaka mingi usahihishaji wake ulikuwa wa aina moja: kuweka alama ya kosa na kufunua karatasi inayofuata. Mwanafunzi akimfuata kumuuliza alipoteleza, alijibiwa, "Tazama palipo na wino wangu." Hakuwa mkatili. Aliamini tu kwamba dozi iliyokosewa haina maelezo.

Aliyemtoa katika imani hiyo ni wifi yake, mjane wa mdogo wake wa kiume. Mdogo wake alipofariki, Bi Kalamu aliwachukua Wifi na watoto wawili akawaweka nyumbani kwake, alikoishi na mama yake mzee. Kisha akamwandikisha Wifi chuoni.

"Soma, wifi yangu," alimwambia. "Mume hufa, cheti hakifi."

Wifi alisoma kweli. Wodini alikuwa na mkono mwepesi. Watoto waliopiga mayowe wakiona tu koti jeupe, kwake walitulia. Lakini mtihani wa kuandaa dozi ya sindano ulikuwa umemwangusha mara mbili, na sheria ya chuo haikuwa na mlango wa nyuma: ukianguka mara ya tatu, unafungasha.

Wakati huohuo Bi Kalamu naye alikuwa mwanafunzi. Jioni alisomea shahada, na utafiti wake ulihusu makosa ya wanafunzi katika hesabu za dawa. Alimpelekea msimamizi wake sura ya kwanza iliyojaa asilimia: wangapi wamekosa hiki, wangapi wamekosa kile. Msimamizi aliifunga kabla ya kuimaliza.

"Umeyahesabu makosa," alisema. "Hujayasoma. Mtu hakosi ovyo ovyo. Kuna kanuni anaifuata, ila si ile uliyomfundisha. Kaitafute."

Alitoka pale amenuna. Alipofika nyumbani alitandaza karatasi za Wifi kwenye meza ya chakula, akaanza kuzisoma moja moja kama anayesoma barua za mtu asiyemjua. Mama yake alikuja kuuliza kama watakula leo au wataramba wino. Bi Kalamu alikuwa ameona jambo.

Pale ambapo dozi ilizidi dawa iliyomo katika kichupa kimoja, Wifi alipata kila mara. Pale dozi ilipokuwa pungufu ya kichupa, alikosa kila mara.

"Wifi! Hebu njoo."

Wifi alitoka jikoni anajifuta mikono kwenye kanga.

"Mgonjwa anatakiwa apewe miligramu hamsini. Kichupa kina miligramu mia katika mililita mbili. Utavuta kiasi gani? Fanya kwa sauti."

"Mia gawanya kwa hamsini, mbili. Mara mbili, nne. Navuta mililita nne."

"Kichupa kizima kina mililita mbili. Hizo nyingine utazitoa wapi?"

"Nitafungua kichupa cha pili."

"Kwa nini umeitanguliza mia?"

Wifi alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini watu hutembea kwa miguu. "Si mkubwa hutangulia?"

Kisha akafunika mdomo. Hata yeye hakujua neno hilo lilikuwa limekaa humo.

Yalitoka kidogo kidogo. Shule ya msingi, mwalimu mwenye fimbo, darasa zima likiimba: kwenye salamu mdogo huanza, kwenye kugawanya mkubwa hutangulia! Wakati huo namba zote za darasani ziliikubali kanuni hiyo. Aliyetanguliza ndogo alichapwa viganja. Wifi alichapwa siku moja tu, na siku hiyo ilitosha.

"Kwa hiyo siyo kwamba mimi ni mjinga," alisema Wifi taratibu.

"Hapana. Ulifundishwa ukafundishika."

Walicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Bi Kalamu alilala usiku huo akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu mazishi. Ugonjwa umejulikana, alidhani kazi imekwisha.

Aliipeleka kanuni hiyo darasani. Akatunga maswali ya kuinasa, na wanafunzi wengine kadhaa wakanaswa, wakiwamo hata waliokuwa wakiongoza. Akawafundisha kukadiria kwanza: kabla ya kushika kalamu, jiulize, nahitaji kichupa kizima, zaidi, au pungufu? Wiki hazikupita nyingi wote walikuwa wamenyooka. Msimamizi alimpigia simu kumpongeza.

Wifi peke yake ndiye aliyekuwa akienda na kurudi. Nyumbani, kwa maji na bomba la sindano, alipata. Aliulizwa akiwa anapika, akapata. Lakini Bi Kalamu akisimama nyuma yake na saa mkononi, shingo ya Wifi ilikakamaa na mkubwa akatangulia. Walirudia, akapata. Saa ikarudi, akakosa. Kadiri mtihani ulivyokaribia ndivyo Bi Kalamu alivyozidi kumkaba, akimuuliza mlangoni, bafuni, akiwa anamsuka binti yake nywele.

"Mwache apumue," mama yake alimwambia. "Unalifukuza kosa, au unamfukuza yeye?"

"Mama, mtihani hautamngoja apumue."

Jioni moja Wifi alivunja kichupa cha mazoezi ukutani. "Nikisikia sauti yako sasa hivi nasikia fimbo," alisema, na akaingia chumbani na watoto wake.

Siku ya mtihani, Bi Kalamu alisimama ukutani pamoja na walimu wengine, amekatazwa kufungua mdomo. Mtahini alikuwa wa kutoka nje ya chuo, mwanamume mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mezani palikuwa na sanamu ya mazoezi iliyolazwa chali, sinia, na vichupa vimepangwa safu. Swali lilikuwa la miligramu sitini. Kichupa kina themanini katika mililita mbili.

Pungufu ya kichupa, Bi Kalamu alijisemea moyoni. Moja na nusu. Pungufu, wifi, pungufu.

Wifi aliandika, akavunja shingo ya kichupa cha kwanza, akavuta dawa yote. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kichupa cha pili.

Lakini ule mkono ulisimama juu ya kichupa, haukukigusa, haukurudi.

"Naomba mwenzangu anihakikie hesabu," Wifi alisema.

"Hapa uko peke yako," alijibu mtahini. "Endelea."

Wifi alirudi kwenye karatasi. Akakokotoa mara ya pili, mara ya tatu. Jasho lilimtiririka kwenye mashavu, likadondokea kwenye wino. "Nina majibu mawili," alisema. "Yote naona yanafanana na kweli."

"Chagua moja, dada. Muda unakwisha."

"Sitamchoma."

"Hiyo ni sanamu."

"Naona. Sitamchoma." Akaweka bomba kwenye sinia, akavua glavu, akatoka bila kumtazama mtu.

Bi Kalamu alikwenda ofisini kwa mkuu wa chuo moja kwa moja. Alizungumza akiwa amesimama, sauti ikimpanda. Wengine walipita kwa sababu ya makosa ya huyu mwanamke. Yeye ndiye aliyelihisi kosa likimjia na akauzuia mkono wake. Si hilo ndilo tunalolitafuta kwa muuguzi?

Mkuu alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mkunga zamani, na hakuwa mtu wa kufurahia kumwangusha mtu.

"Nikimpa cheti," alisema, "nitampeleka zahanati ambayo muuguzi ni mmoja. Mtoto analetwa anatetemeka. Atamwomba nani amhakikie? Nijibu hilo nami nitasaini sasa hivi."

Bi Kalamu alivuta kiti akaketi.

"Mpe muda, basi. Mtihani wa nne."

"Nikimpa wifi yako mtihani wa nne, niwaambie nini waliofungasha kabla yake?"

Alimkuta Wifi nyumbani anafunga mizigo. Wifi hakuuliza kilichosemwa, uso wa Bi Kalamu ulikuwa umeshasema.

"Wenzangu wote wamepita?"

"Wamepita."

"Kwa maswali uliyoyatoa kichwani mwangu."

"Wifi, kaa. Nitatafuta chuo kingine, nitaandika..."

"Usiandike! Umeniandika vya kutosha." Sauti yake haikuwa kubwa, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulipoligundua lile kosa ulifurahi. Nilikuona. Nikafurahi na wewe. Baada ya hapo sikuwahi tena kuwa wifi yako humu ndani. Nilikuwa kosa linalotembea."

Mama mzee alilia, watoto wakamshika shangazi yao kiuno, lakini jioni ilikuta chumba kitupu.

Utafiti ulipita vizuri. Chuo kilibadilisha namna ya kufundisha dozi, na Bi Kalamu alialikwa kuueleza mbele ya walimu wa vyuo vingine. Alieleza vizuri. Mmoja akauliza, huyo mwanafunzi wa kwanza aliishia wapi? Alisema hana taarifa, kisha akaenda msalani akakaa humo hadi kikao kikaisha.

Taarifa alikuwa nayo. Wifi alipata kazi ya kufua katika hospitali moja upande wa pili wa mji, na alipanga chumba karibu na hapo. Bi Kalamu alikwenda mara kadhaa, akabisha, akasikia watoto wakinyamazishwa.

Safari moja mlango ulikuwa wazi. Wifi alikuwa anakunja mashuka ya kazini, mlima mzima, mikono imebabuka kwa sabuni. Hakusema karibu. Bi Kalamu alisimama kizingitini, kisha akashika ncha mbili za shuka lililokuwa likiburuza sakafuni. Wakalikunja. Wakachukua jingine. Alitaka kusema nisamehe, lakini kila alivyoipanga sentensi aliiona ina kasoro, akaiacha.

Rundo lilipokwisha Wifi alikaa chini, akageuza uso dirishani.

"Mama hajambo?"

"Anakuulizia kila siku."

Wifi aliusugua mkono wake uliobabuka.

"Nikija Jumapili utanifungulia?" Bi Kalamu aliuliza.

"Sijui," Wifi alisema. "Kweli sijui. Wewe njoo."