Nyumba za Mbayuwayu

Majirani walimwita Mama Ndege, wakimtania kwamba anawajua ndege wote wa angani ilhali kwake hata kuku hafugi. Alicheka nao, lakini rohoni hakuwa na cha kuchekea. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akiwachunguza teleka, ndege wa safari ndefu wanaokula na kulala hukohuko hewani, wasiotua ila kwa kutaga, tena katika ufa uleule wa mwaka jana. Mji ukajenga majengo ya vioo, nyufa zikaisha, na teleka nao wakaisha. Likabaki ghala moja kuukuu, na chini ya paa lake jozi chache za mwisho.

Basi mwenye ghala akataka kulikarabati. Mama Ndege alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka, hatimaye mzee huyo akakubali: ukuta upigwe plasta, ila makao ya ndege yaachwe hadi makinda waruke. Ikabaki kumweleza fundi. Na hapo ndipo, jamani, mtu na elimu yake alipoteleza. Jina la teleka nani analijua mtaani? Watu huwaita wote mbayuwayu, hawa na wale. Naye alikuwa na haraka, dada yake anaumwa na gari linamsubiri, akamwambia fundi asiguse nyumba za mbayuwayu. Fundi akaapa hatagusa hata moja.

Aliporudi, fundi alimpokea kwa bashasha. Chini ya upenu vijumba vya tope vya mbayuwayu vilikuwa vizima vyote, na kimoja kilichokuwa kimelegea fundi alikiwekea kibao kisianguke. Juu yake, palipokuwa na nyufa, palikuwa saruji tupu. Teleka hajengi kitu nje. Ukitazama, ufa ni ufa tu.

"Nimekutunzia watu wako, mama," alisema fundi.

Juu yao ndege wachache walikuja kwa kasi, wakajipiga ukutani, wakazunguka, wakarudi palepale. Fundi alilalamika kwamba hao wengine wanasumbua tangu juzi, hajui wanataka nini.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mama Ndege alitaka kufoka, akakosa pa kuanzia. Yule bwana alitenda alichoambiwa, neno kwa neno. Alimweleza kwa sauti ya chini, kisha akaomba ngazi na tindo. Fundi alizileta. Alipanda mwenyewe, akagonga taratibu, akatia mkono. Akatoa makinda wawili waliokauka, na mama yao amekufa akiwa amewalalia. Ufa wa pili vivyo hivyo, wa tatu vivyo hivyo. Mama Ndege aliwapokea kwenye pindo la gauni, akalia waziwazi, machozi na makamasi, wapita njia wakimtazama.

Fundi aliposhuka, saruji imemjaa kopeni, hakuweza kumwangalia usoni. Aliuliza polepole: je, akiiacha mianya hii wazi, asiiguse tena maisha yake yote, wale walio juu watarudi mwakani?

Mama Ndege alijua jibu, na alitamani asingelijua. Teleka humchagua mwenzake mmoja, na baada ya safari zao zote hukutana kwenye ufa wao.

"Watarudi," alisema, akitazama pindo la gauni lake. "Kila mwaka. Watakuja kuwangoja hawa."