Moris ya Marehemu Anselmi

Wajukuu zangu wakija Kibuta, hata kabla hawajatua mabegi nawategea kitendawili. Tito, mtoto wa mwanangu Calist, nilimtegea siku aliyokuja kuniomba gari la babu yake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mzee wangu haondoki kitini, hali wala hanywi, lakini kila alasiri ananisikiliza."

Tito akasema redio. Akasema picha ya ukutani. Mwisho akachoka. "Nakupa mji, mke wangu. Chukua Kisarawe yote na vilima vyake."

"Kisarawe nishapewa na waliokutangulia. Jibu ni babu yako."

Akacheka. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, kwa hiyo tunataniana kila siku. Lakini hapo nilikuwa sitanii.

Mume wangu Anselmi alikuwa bwana shamba. Alizunguka kwenye mikorosho ya watu toka Kibuta mpaka Chole kwa gari lake dogo, Moris ya miaka ya sitini, fupi kama kobe, na mashimo yote ya barabara aliyajua kwa majina aliyoyapa mwenyewe. Alipofariki, Calist bado anavaa kaptula za shule, Moris ikabaki bandani nyuma ya nyumba. Matairi yakaisha hewa, kuku wakataga kwenye buti. Ila Anselmi hakutoka. Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, nilikuwa nakwenda kukaa kiti cha abiria na ungo wangu wa kunde za kuchambua, mlango nimeuacha wazi. Kiti cha dereva kinalia kidogo, ule mlio wa springi pale mtu mzito anapojiweka sawa. Halafu kikohozi chake, kimoja, kifupi, kama alivyokuwa akikohoa kabla ya kuwasha gari. Harufu ya tumbaku inafuata. Basi namsimulia ya siku nzima, nani kaoa, nani kauza shamba, nani kagombana na mkwewe. Sikuwahi kuogopa. Mtu huogopa mgeni.

Tito ana gereji Kibaha. Anafufua magari ya zamani na kuyapamba, vijana wa Dar wanayapenda. Akaniambia Moris ya babu inaliwa na kutu, nikimwachia ataitengeneza, itabeba maharusi. Nikayaangalia makuti ya banda yanavyovuja. Nikakubali.

Sasa, kwetu sisi kitu cha marehemu hakitoki uani mpaka mwenyewe aambiwe. Unakwenda kaburini na unga wa mtama na maji, unanyunyiza, unasema kinachoondoka ni nini na kinakwenda wapi. Mwisho unamwambia marehemu: kitu kinakwenda, wewe baki, kaa na sisi. Paroko wetu mambo haya hayapendi, lakini naye bibi yake aliyafanya, kwa hiyo akipita hutazama upande wa pili.

Nilikwenda asubuhi, gari la kuivuta Moris limeshafika na dereva wake analalamika njia mbaya. Nikanyunyiza unga. Nikasema, "Anselmi, mjukuu wako anaichukua Moris kwenda Kibaha. Ile barabara kuu ina malori mengi. Msindikize mtoto, umlinde."

Nikajipangusa mikono kwenye kanga, nikarudi. Mawazo yangu yote yalikuwa kwa Tito na yale malori. Neno la kubaki sikulisema.

Alasiri ile nikachukua kigoda nikaenda kukaa bandani, pale palipobaki alama za matairi. Kimya. Kesho yake kimya. Nikaongea peke yangu mpaka nikajionea haya. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya: nimemtuma mume wangu safari, na marehemu si kama mtoto, ukimtuma harudi mwenyewe mpaka umfuate umwite.

Nikajipa moyo. Nikasema gari likikamilika Tito atalileta nilione, na mwenyewe atakuja nalo.

Halikuja. Iliyokuja ni simu ya Fadhila, mke wa Tito.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu hajambo?"

Siku nyingine utani huo humchekesha. Siku hiyo hakucheka. "Bibi, marehemu Babu alikuwa anavuta nini?"

"Tumbaku ya kusokota. Kwani vipi?"

"Gari linanuka. Tumetoa viti vyote, mazulia, mpaka kitambaa cha darini. Nimepulizia udi na manukato. Juzi tumembeba bibi harusi toka kanisani, akauliza nani anakohoa. Tito alikuwa bado yuko nje anafunga maua. Ndani tulikuwa wanawake watupu, na kikohozi kilikuwa cha mwanamume. Bibi harusi akashuka na shela lake akapanda bajaji."

Nilikaa kwenye kizingiti. Mwenzangu anasimulia kwa hofu, mimi huku nafurahi kama mtu aliyeletewa habari za ndugu yake aliyepotea.

"Yuko huko," nikasema.

"Nani, Bibi?"

"Mwenye gari."

"Basi afadhali linaondoka. Tito kapata mteja wa kulinunua, mtu wa Mbezi Beach. Anakuja kulichukua keshokutwa."

Furaha yote ikanikauka. Mbezi Beach mimi sina mtu. Gari likiingia kwenye geti la watu nisiowajua, nitabisha hodi nimwambie nani nimekuja kumchukua? Na yeye, huko ndani, atakohoa mpaka lini, na aliyemtuma hajaja?

Kesho yake alfajiri nilishika njia ya Kibaha.

Tito alinipokea mlangoni pa gereji, mikono imejaa oili. "Mke wangu, umenifuata mpaka kazini?"

"Sijakufuata wewe. Nimemfuata mume wangu mkubwa."

Akanionyesha Moris. Sikuijua. Ilikuwa njano ya kiini cha yai la kienyeji, paa jeusi, matairi mapana yametokeza nje kama magoti ya mtu aliyechuchumaa. Usukani mdogo wa mbao. Viti vyeupe vya ngozi. Injini, akasema, ya Kijapani.

"Cha babu yako kilichobaki ni kipi?"

"Bodi, Bibi. Na hata hiyo nimeikata huku na huku."

Niliingia nikakaa upande wangu. Ndani mlinuka ngozi mpya na gundi. Fadhila alisimama mbali, kwenye kivuli cha ukuta, mtoto mgongoni. Nikafunga macho, nikangoja.

Kiti kipya hakina springi, hakina cha kulia. Nilipofumbua macho niliona tu sponji la kiti cha dereva linabonyea, polepole, mpaka likashika umbo la mtu aliyekaa. Kisha kikohozi. Kisha tumbaku.

"Anselmi," nikamwambia, "ni mimi. Nilikosea kukutuma. Shuka, twende nyumbani."

Lile shimo la kitini halikutikisika.

Tito alikuwa ameinama dirishani, ameyaona yote. Spana ilimtoka mkononi. "Hilo sponji ni jipya, Bibi," akasema, sauti imepungua. "Huwa linabonyea lenyewe."

"Basi kaa juu yake."

Hakukaa.

"Hashuki," nikamweleza. "Ulivyokuja mbio kuniomba gari, leo utanipeleka nalo mpaka Kibuta. Nikishamshusha, mpe mtu wako wa Mbezi gari lake. Sitakuzuia."

"Nitakaaje juu ya mtu?"

"Omba njia kama unavyoomba kwa watu wazima."

Fadhila kule ukutani akasema, "Tito, mpeleke." Basi mume wetu akafungua mlango, akatoa kofia. "Shikamoo, Babu. Naomba nipite." Akakaa taratibu, kama anayekaa kwenye maji. "Kiti kina joto, Bibi," akanong'ona. Nikamwambia awashe gari.

Tulipita njia ya vumbi ya Kiluvya. Mwanzo Tito aliendesha ameng'ang'ania usukani. Baadaye akaniangalia. "Bibi, mimi sikanyagi mafuta hivi." Kweli gari lilikuwa linakwenda vizuri kupita udereva wake. Kila penye shimo lilikwepa mapema. Kila penye shamba la mikorosho lilipunguza mwendo, tukayapita majani polepole kama mtu anayekagua ugonjwa, kisha likachapuka tena. Tukipandisha Kisarawe mjini, mzee mmoja aliyekaa nje ya duka akanyanyua mkono kusalimia. Hakutazama upande wangu wala wa Tito. Alitazama katikati yetu, akatabasamu kama aliyemwona mtu wa siku nyingi.

Mimi nilikuwa namjua Anselmi. Mtu yule alikuwa na furaha. Miaka yote ile bandani alikuwa ananisikiliza tu, lakini hapa alikuwa kazini. Nililiona hilo waziwazi, na moyo ukaniuma, na bado nilipofika Kibuta nilichukua unga wangu wa mtama.

Nikanyunyiza kaburini. "Anselmi, Moris inakwenda kwa watu wengine. Inakwenda yenyewe. Wewe baki, kaa na sisi."

Nilirudi uani nikamkuta Tito amesimama nje ya gari. Kiti kimenyanyuka, laini, hakina alama ya mtu. Tukanusa wote wawili. Ngozi na gundi tu. Ndani ya nyumba, chumbani kwangu, mtu akakohoa.

Tito hakungoja hata uji. Baada ya siku mbili akapiga simu kwamba mteja amechukua gari, amelipenda mno, halinuki chochote. "Babu hajambo?" akauliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Yupo," nikamwambia.

Yupo kweli. Usiku analala upande wake wa kitanda, nasikia kamba zikilia. Lakini alasiri ikifika anatoka. Nasikia kandambili zikienda bandani, zikizunguka kona hii, kona ile, zikisimama pale katikati pasipo na kitu. Namwambia, "Mume wangu, limeuzwa, njoo nikupe habari." Hanisikilizi kama zamani. Habari za nani kaoa hazimshughulishi tena. Anakohoa, kile cha kabla ya kuwasha, anangoja, anakohoa tena. Kisha nyayo zinapita kando ya nyumba kuelekea barabarani, na huko ndiko zinakosimama mpaka jua lizame.

Wiki ya kwanza nilimwita kutoka mlangoni. Wiki ya pili nilikwenda nikamsihi. Wiki hii nimebeba kigoda na ungo wangu wa kunde nimekwenda kukaa naye hapo kando ya barabara, upande wa abiria.

Watu wanadhani nasubiri usafiri wa Kisarawe. Jana Kibwana wa bodaboda alisimama. "Bibi Flaviana, panda nikupeleke. Jua litakuumiza."

"Nenda tu, mwanangu," nikamwambia. "Sisi tunangoja gari letu."

Akatazama kushoto kwangu, kulia kwangu. Akawasha pikipiki yake, na kabla hajaondoka nikamwona anavuta pumzi puani, kama mtu aliyenusa tumbaku.