Kikohozi Chini ya Pedali

Kiwanda kilikuwa cha mashuka. Ugonjwa ulipoingia kikageuzwa cha barakoa, na ukutani likabandikwa tangazo: anayekohoa arudi nyumbani bila malipo mpaka aitwe. Washonaji hawakuulizwa neno. Nani amuulize mshonaji?

Wa kwanza kurudishwa alikuwa wifi wa Chapchap. Chapchap ndilo jina walilompa mshona mipira ya masikio ya barakoa, kwa wepesi wa mikono yake. Na huyo wifi, dada wa mumewe, alishona kwenye mashine ya pembeni yake na kulala chumba cha pili nyumbani kwake. Alikohoa mara moja tu, tena akiwa anatunga uzi, mashine yake kimya. Msimamizi akasikia. Wifi akachukua mkoba wake, mto wake wa kukalia akausahau kitini.

Ukumbi mzima ukapata somo: usikohoe mashine ikiwa imesimama.

Kikohozi cha nyumba moja hakina mwenyewe, na baada ya siku chache kikamfikia Chapchap. Mumewe alikuwa dereva wa basi, na mabasi yalishapigwa marufuku. Mshahara wa Chapchap ndio uliolisha mume, watoto na wifi. Akirudishwa na yeye, basi tena. Kwa hiyo kila koo lilipomwasha alisukuma kitambaa chakavu chini ya sindano, akakanyaga pedali mpaka mwisho, mashine ikanguruma, naye akakohoa humo humo. Msimamizi akipita anasema, "Mwigeni huyu, hapumziki."

Siku moja umeme ukakatika.

Mashine zote zikanyamaza. Chapchap akabana pumzi, machozi yakamtoka, akaomba Mungu ndani kwa ndani, wapi. Akakohoa. Msimamizi akageuka, akaanza kumfuata. Kabla hajafika, mshonaji wa karibu na dirisha akakohoa. Akafuata wa meza ya pasi. Kisha safu ya nyuma yote, kama watu waliokuwa wakingoja ruhusa. Kumbe ngurumo zile zote za wiki nzima hazikuwa bidii. Chapchap nusura acheke.

Msimamizi alisimama katikati ya ukumbi, akalitazama tangazo, akampigia simu mwenye kiwanda.

"Wanakohoa karibu wote, bosi." Akasikiliza. "Ndiyo, mzigo unatoka kesho." Akasikiliza tena. "Sawa."

Akatia simu mfukoni. "Washeni jenereta," akasema.

Hakurudishwa mtu. Chapchap alifurahi, alifurahi kweli, mpaka jicho lake likaangukia ule mto kwenye kiti kitupu. Furaha ikamwishia hapo hapo.

Nyumbani wifi alikuwa mlangoni, amejifunga khanga kiunoni, anamngoja kama kila jioni.

"Karibu, mwizi wa kaka yangu. Mikono uoshe kwanza. Haya, leo wameniulizia?"

"Bado, wifi."

"Waambie nimepona. Wiki nzima sijakohoa. Ningejikaza siku ile, mjinga mimi. Mwenzenu nilikuwa peke yangu na kikohozi ukumbi mzima." Akacheka, akampokea mkoba. "Kuna jipya gani huko?"

Chapchap aliinama kwenye ndoo, akasugua mikono taratibu kuliko alivyozoea.

"Umeme ulikatika kidogo," akasema.

"Basi?"

"Basi. Wakawasha jenereta."