Povu Kwenye Mawe ya Karungu

Asubuhi moja mwaka wa 1964, siku iliyofuata dhoruba kubwa, Javan alikuwa akirudi Karungu kutoka Mfangano na mashua yake. Mpwa wake Walter alishika kasia la mbele, na katikati aliketi Nyanchoka, mkunga kutoka Kisii aliyekwenda kisiwani kuzalisha.

Walipokaribia ufuo, Javan aliona maji ya ziwa yamerudi nyuma hatua mia nzima. Samaki aina ya ngege walirukaruka matopeni na wanawake walikuwa wakishuka na vikapu. Mbele ya mashua, mawe ambayo siku zote hufunikwa yalitokeza migongo, na mawimbi madogo ya kila siku yakipasukia hapo kwa povu jeupe.

"Tukaze, mjomba, tufike," alisema Walter.

"Tulia. Tukiingia sasa tunavunjika."

Javan aliwahi kuyaona hayo ujanani. Upepo ukilisukuma ziwa upande mmoja, ziwa hurudi, tena haliji kama ukuta. Hunyanyuka lote kimyakimya. Alisimama, akapaza sauti kwa Kijaluo akiwaambia wanawake waache samaki na wakimbilie juu. Mkewe, Leonida, akatupa kikapu chake na kuanza kuwavuta wenzake mikono.

"Tunangoja nini, Bwana Javan?" aliuliza Nyanchoka.

"Angalia lile povu, sista. Likiisha tunaingia."

Punde povu likaisha. Mawimbi yaleyale yakapita juu ya mawe bila kuvunjika.

"Naona yametulia," alisema Nyanchoka.

"Hayajatulia. Ziwa limejaa chini ya mawimbi, limeyabeba juu. Yatavunjikia kule kwenye nyasi. Haya, Walter."

Wakapiga makasia kwa nguvu. Mashua ilipita juu ya mawe bila kugusa, ikapita pale wanawake walipokuwa wakiokota samaki, ikafika kwenye vichanja vya kuanikia samaki ambavyo yale mawimbi madogo yalikuwa tayari yakivibomoa. Javan akaruka, maji yakamfika kiunoni, akafunga kamba kwenye mgunga. Maji yalipoanza kurudi yaliivuta mashua kwa nguvu, lakini kamba ilishika, na mashua ikabaki imekaa nyasini.

"Mko wote?" Javan alimuuliza mkewe.

"Wote. Samaki wa jana ndio wameenda."

Walter alikuwa akiyatazama mawe yakichomoza tena. "Maji yatarudi?"

"Mara mbili, tatu, ila si kwa nguvu hii. Mshike sista mkono ateremke, kisha tuvute mashua juu zaidi."